Nguvu ya Kutolipiza

Somo: Mathayo 5:38-48

Nawasalimu ninyi mlio Garsen mjini, na ninyi mnaokaa kando ya mto Tana, Ngao na Golbanti, Tarasaa na Wema, mpaka Kipini ambako mto unaingia baharini. Wengine mnasikiliza mkiwa chini ya mwembe, wengine mko jikoni na moto unawaka. Karibuni tuzungumze kwa muda mfupi.

Siku moja, baada ya ibada ya Jumapili, kijana mmoja alinifuata nje ya kanisa. Akasema, "Mchungaji, leo umetusomea habari ya shavu la pili. Mimi ni mkulima. Ng'ombe wakiingia shambani mwangu wakala mahindi yote, nami nikageuza shavu la pili, watoto wangu watakula nini? Na wenzangu wakiniita mwoga, nitawajibu nini?"

Nilikaa kimya kidogo. Nilijua kwamba ng'ambo ya pili, kijana mwingine mwenye mifugo angeweza kuniuliza jambo lilo hilo: "Njia ya kufikia maji, ile malka ya babu zetu, ikizibwa na mashamba, ng'ombe wangu wakafa kwa kiu, nigeuze shavu gani?"

Ndugu zangu, swali hili si la mzaha katika nchi yetu ya Tana. Wengi wenu mnaukumbuka mwaka wa 2012. Tangu Agosti mwaka huo mpaka Januari 2013, watu zaidi ya 100 waliuawa katika Delta ya Tana, wanawake na watoto miongoni mwao. Riketa, Chamwanamuma, Kilelengwani, Kipao: majina haya twayataja kwa sauti ya chini mpaka leo. Wakulima walilia, na wafugaji walilia. Kila kijiji kilichochomwa kilileta hamu ya kuchoma kingine, na kila kaburi lilidai kaburi la pili. Basi mtu akiuliza kama kutolipiza ni woga, anauliza jambo la uhai na mauti.

Ili kumjibu kijana yule, nilimsimulia habari za mtu wa mbali, mchezaji wa mpira huko Marekani, jina lake Jackie Robinson. Huenda baadhi yenu hamjapata kulisikia jina hilo. Lakini kabla ya mazungumzo haya kwisha mtaona kwamba mkono wake ulifika mpaka Kenya.

Mchezo wake ulikuwa beseboli. Hapa kwetu hauchezwi sana, lakini waliocheza raunda shuleni wataelewa upesi. Mmoja anarusha mpira mdogo mgumu, mtu wa timu ya pili anaupiga kwa gongo, kisha anakimbia kituo kwa kituo. Vituo ni vinne, na akivizunguka vyote timu yake inapata alama. Wamarekani waliupenda mchezo huo kama sisi tunavyopenda kandanda. Lakini kwa zaidi ya miaka 60 ligi kuu zao hazikumkubali mchezaji mweusi hata mmoja. Wenye timu walikuwa wamepatana tu kimya kimya, na desturi ikapata nguvu kama sheria. Wachezaji weusi walikuwa na ligi zao peke yao, hata kama walikuwa hodari kuliko weupe.

Robinson alizaliwa tarehe 31 Januari 1919 katika mji mdogo uitwao Cairo, jimbo la Georgia. Alikuwa kitinda mimba, mtoto wa tano. Baba yake aliiacha familia akaenda zake. Mama yake, Mallie, aliwachukua watoto wote watano, akasafiri nao kwa treni mpaka Pasadena, California, mwaka wa 1920. Huko alifanya kazi za nyumbani katika nyumba za weupe ili wanawe wapate kula. Majirani walitaka kuwafukuza mtaani kwa sababu ya rangi yao. Mama Mallie hakuondoka, wala hakuwatukana. Alimwomba Mungu, akawafundisha watoto wake wasimwogope mtu wala kumdharau mtu.

Walakini kijana Jackie alikuwa na hasira nyingi. Alitembea na kundi la vijana watukutu, na njia ile ingeweza kumfikisha gerezani. Ndipo akaja mchungaji kijana wa Methodisti, Karl Downs, wa Kanisa la Scott pale Pasadena. Downs hakuwangoja vijana waje kanisani. Aliwafuata walikokuwa, akacheza nao, akawasikiliza. Jackie akampenda, akarudi kanisani, na baadaye akawa mwalimu wa shule ya Jumapili. Tangu siku zile alikuwa na desturi ya kupiga magoti kando ya kitanda chake kila usiku na kuomba. Wachungaji na wazee wa kanisa, hebu tujiulize: nani anawafuata vijana wetu kule vichochoroni Garsen?

Katika Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, Robinson alipata sifa katika michezo minne. Kisha vita vikaja, akaingia jeshini, na mwaka wa 1943 akapewa cheo cha ofisa. Tarehe 6 Julai 1944, huko Texas, dereva wa basi la jeshi alimwamuru ahamie viti vya nyuma, kwa kuwa ni mweusi. Robinson alikataa. Alishtakiwa katika mahakama ya kijeshi, akasimama akajitetea, na mwezi wa Agosti akaachiliwa, hana hatia. Likumbukeni jambo hili, maana tutalirudia. Mtu huyu hakuwa mnyonge asiyejua haki yake.

Sasa njoo tumwone mtu wa pili katika habari hii, Bwana Branch Rickey, mkuu wa timu ya Brooklyn Dodgers ya New York. Alikuwa mzungu, mtu wa Methodisti vilevile, wa jamaa ile kubwa ya watu wa Wesley ambayo watu wake wengine walianza kazi ya Injili Golbanti katika miaka ya 1880. Rickey alimwahidi mama yake kwamba hataingia uwanjani siku ya Jumapili, naye aliishika ahadi hiyo. Alipokuwa kijana, akifundisha timu ya chuo, hoteli moja ilikataa kumpa chumba mchezaji wake mweusi, Charles Thomas. Rickey alisimulia kwamba alimkuta kijana yule akilia na kujikwaruza mikono, kana kwamba angeweza kuiondoa rangi yake. Jambo hilo halikumtoka Rickey moyoni kwa miaka 40. Tena alikuwa mfanyabiashara, alijua kwamba wachezaji hodari wataleta ushindi na fedha. Tusimfanye malaika. Lakini alifanya lile ambalo wenziwe wote walikataa kulifanya.

Tarehe 28 Agosti 1945 Rickey alimwita Robinson ofisini kwake. Walikaa karibu saa tatu. Rickey alijifanya kuwa karani wa hoteli anayemfukuza, kisha mchezaji anayemtukana mama yake, kisha mtu anayemrushia ngumi. Alitaka kuona kama hasira itamshinda. Robinson akauliza kama anatafutwa mtu mweusi anayeogopa kupigana. Rickey akamjibu kwamba anatafuta mtu mwenye ujasiri wa kutosha hata asirudishe pigo. Kisha akafungua kitabu cha maisha ya Kristo kilichoandikwa na Mwitaliano Giovanni Papini, akamsomea sehemu inayoeleza habari ya shavu la pili. Robinson alifikiri sana. Mwisho akakubali, lakini kwa muda, mpaka mlango uwe umefunguka.

Mwaka wa 1946 alioa mke wake, Rachel, na aliyewafungisha ndoa alikuwa mchungaji Karl Downs. Mwaka huo alicheza Montreal, Canada, katika timu iliyokuwa chini ya Brooklyn. Timu ikatwaa ubingwa, na watu wa mji ule wakamfuata mbio barabarani kwa furaha. Kisha tarehe 15 Aprili 1947, akiwa na umri wa miaka 28, na namba 42 mgongoni, aliingia katika uwanja wa Ebbets, Brooklyn, mbele ya watu zaidi ya 25,000. Ukuta wa miaka 60 ukaanguka siku ile.

Lakini mateso yakaanza. Baadhi ya wachezaji wa timu yake mwenyewe walikuwa wamejaribu kumkataa kabla hajaanza. Barua za kutishia kumwua zilimfikia. Hoteli fulani zilimkataa alipokuwa safarini na wenzake. Warushaji walimlenga kichwani kwa mpira. Mchezaji wa timu nyingine alimkanyaga mguuni kwa viatu vyenye meno ya chuma. Mwezi ule ule wa Aprili, timu ya Philadelphia ilipokuja, kiongozi wao Ben Chapman na wachezaji wake walimtukana matusi mazito siku nzima. Robinson alieleza baadaye kwamba siku hiyo alikaribia kabisa kuitupa ahadi yake, aende akampige mtu mmoja, kisha arudi kwao. Hakwenda. Alishika gongo lake, akacheza.

Je, alifanya nini na hasira ile? Aliipeleka miguuni. Alikimbia. Aliwahangaisha warushaji kwa kuviiba vituo, hata kituo cha mwisho chenyewe, jambo gumu kuliko yote katika mchezo ule, alikiiba mara 19 katika maisha yake ya ligi kuu. Mwaka wa kwanza alipewa tuzo ya mchezaji bora miongoni mwa wapya. Mwaka wa 1949 alitajwa kuwa mchezaji bora wa ligi yake yote. Mwaka wa 1955 timu yake ilitwaa ubingwa wa taifa kwa mara ya kwanza ikiwa Brooklyn. Alipostaafu baada ya msimu wa 1956, wachezaji weusi walikuwa katika karibu timu zote, na watoto weusi na weupe walikuwa wakishangilia pamoja.

Wapendwa, mpaka hapa mtu anaweza kusema, "Basi fundisho ni kwamba ukitukanwa unyamaze." Hapana, tusilichukue fundisho upesi namna hiyo. Tazameni mambo matatu.

Jambo la kwanza: Robinson hakuwa peke yake. Alikuwa na Rachel nyumbani. Alikuwa na Rickey ofisini, ambaye hakurudi nyuma hata alipotishwa. Katika siku zile za matusi ya Philadelphia, mchezaji mwenzake mzungu, Eddie Stanky, aliona haya kukaa kimya, akasimama akawakemea waliokuwa wakimtukana mtu asiyeweza kuwajibu. Twajifunza nini? Ni dhambi kumwambia aliyeumizwa avumilie, huku sisi tulio karibu naye tumefumba midomo. Kanisa likimhubiria mkulima aliyepoteza shamba asilipize kisasi, na lisende pamoja naye kwa chifu na kwenye baraza, mahubiri yake ni mzigo juu ya mzigo. Na mfugaji vivyo hivyo. Anayemwomba jirani yake ageuze shavu, yampasa yeye mwenyewe asimame kati yake na mpigaji.

Jambo la pili: kutolipiza kwake hakukuwa kuikubali dhuluma. Kumbukeni lile basi la Texas. Alikataa kuhama, lakini hakumpiga dereva; akaenda mahakamani. Na mwaka wa 1949 Rickey alipomfungua katika ahadi yake, Robinson alianza kusema waziwazi. Wengi waliompenda alipokuwa kimya walichukia aliposema. Hakujali. Alipoacha mchezo aliwaandikia marais barua, aliandamana pamoja na Martin Luther King, na mwaka wa 1964 alishiriki kuanzisha benki ya watu weusi huko Harlem. Bwana wetu mwenyewe alipopigwa kofi mbele ya kuhani mkuu, Yohana 18, alimwuliza aliyempiga sababu ya kumpiga. Hakurudisha kofi, wala hakusema kwamba kofi lile ni haki. Kati ya kisasi na kimya iko njia ya tatu, nayo ni kudai haki bila kumwaga damu.

Jambo la tatu, nalo latugusa sisi: Robinson alipoingia mlangoni hakuufunga nyuma yake. Aliushikilia wazi ili wengine wapite. Na miongoni mwa waliopita walikuwa watoto wa Kenya.

Mwaka wa 1959 Kenya ilikuwa bado chini ya Waingereza, na nafasi za masomo ya juu katika Afrika Mashariki zilikuwa chache mno. Tom Mboya alikwenda Marekani kutafuta nafasi za masomo kwa vijana wetu. Vyuo vikakubali, lakini nauli haikuwapo. Mtu wa kuuza mbuzi wawili na shamba la migomba angelipaje safari ya ndege mpaka New York? Ndipo Jackie Robinson, pamoja na mwimbaji Harry Belafonte na mwigizaji Sidney Poitier, walipotia sahihi barua ya kuwaomba Wamarekani wachange. Watu walichanga. Septemba 1959 ndege ikaondoka Nairobi na wanafunzi 81, wengi wao Wakenya. Mwaka uliofuata fedha zilipokosekana, Robinson alimwendea Makamu wa Rais Nixon kuomba msaada wa serikali. Mwishowe mfuko wa familia ya Kennedy ukatoa dola 100,000, na safari zikaendelea. Kufika mwaka wa 1963, ulipokuja uhuru wetu, karibu wanafunzi 800 walikuwa wamepata njia. Mmoja wa waliokwenda mwaka wa 1960 alikuwa Wangari Maathai, ambaye mwaka wa 2004 alipewa Tuzo ya Nobel ya Amani kwa kazi yake ya kupanda miti na kutetea haki. Wengine walirudi wakawa walimu, madaktari na maofisa wa serikali changa.

Fikirini, ndugu zangu. Kama Robinson angalimpiga mtu ngumi siku ile ya Aprili 1947, watu wengi wangalimshangilia kwa jioni moja. Lakini wale waliotaka mlango ufungwe wangalipata sababu yao. Asingalipata jina lile ambalo miaka 12 baadaye Wamarekani walilitazama chini ya barua, wakatoa fedha zao kwa ajili ya watoto wa watu wasiowajua.

Nisiwafiche kwamba alilipa gharama. Nywele zake ziligeuka nyeupe angali kijana. Ugonjwa wa kisukari ulimdhoofisha, na macho yake yakakaribia kupofuka. Mwanawe wa kwanza, Jackie mdogo, alirudi kutoka vita vya Vietnam akiwa mtumwa wa dawa za kulevya. Alijikomboa, akawa anawasaidia wengine, kisha akafa katika ajali ya gari mwaka wa 1971, akiwa na umri wa miaka 24. Tarehe 15 Oktoba 1972 Robinson alipewa heshima mbele ya umati katika fainali za ubingwa. Badala ya kushukuru tu na kuketi, alisema kwamba angefurahi zaidi siku atakapoona mtu mweusi akiongoza timu. Siku tisa baadaye, tarehe 24 Oktoba, alifariki, miaka 53. Mwaka wa 1975 mtu mweusi wa kwanza akawa kiongozi wa timu ya ligi kuu. Na tangu mwaka wa 1997 namba 42 haipewi tena mchezaji mpya katika timu yoyote ya ligi hizo.

Mwanawe mwingine, David, alivuka bahari akaja kukaa Tanzania katika miaka ya 1980. Alifyeka msitu, akapanda kahawa huko Mbozi, karibu na mpaka wa Zambia, akaungana na wakulima wadogo ili wauze mazao yao pamoja. Hivyo mjukuu wa Mama Mallie, ambaye majirani walitaka kumfukuza mtaani, alipata majirani wakulima katika Afrika Mashariki.

Basi nilimwambia nini kijana yule wa Garsen? Nilimwambia hivi: Mwanangu, Bwana hakukuagiza uwe mnyonge. Mtu mwoga hawezi kugeuza shavu la pili. Yeye hukimbia, au hungoja usiku arudi na panga na kiberiti. Kugeuza shavu ni kusimama pale pale, uso kwa uso, ukakataa kuchaguliwa silaha na adui yako. Mithali 16 inamweka anayeitawala roho yake juu ya anayeteka mji. Shamba lako likiliwa, usiende peke yako, na usiende usiku. Njoo unichukue mimi, tuwachukue wazee wa pande zote mbili, twende mchana. Tudai fidia. Tukatae kuondoka mpaka tusikilizwe. Na malka ya jirani yako ikiwa imezibwa, uwe wa kwanza kulisema jambo hilo, ingawa si ng'ombe wako.

Akaniuliza, "Utakuja kweli, Mchungaji?" Swali hilo, wasikilizaji wapenzi, ndilo ninalowaachia. Aliuliza kama nitakuja. Kila mmoja wetu alijibu kwa miguu yake, si kwa mdomo.

Na tuombe. Ee Bwana, tupe nguvu ya kutolipiza, na ujasiri wa kutonyamaza. Utufanye watu wa kuishikilia milango wazi kwa ajili ya wale wanaokuja nyuma yetu. Uwaponye waliofiwa kando ya mto huu, wakulima na wafugaji. Kwa jina la Yesu Kristo. Amina.

Kwaherini, na amani ya Mungu ikae nyumbani mwenu.